Maombi ya Upande wa Pili wa Mabati

Mimi sina ugomvi na watu wasioamini. Hao wamemaliza kesi yao, wamekwenda nyumbani. Ugomvi wangu ni na Mungu mwenyewe, na huwezi kukosana na mtu ambaye hayuko. Kwa hivyo wale akina dada wanaopita hapa Kawangware wakiniwekea vikaratasi vya mikutano juu ya meza ya kibanda changu, wakinihurumia ati nimeacha imani, waniache nikaange chapati zangu. Yuko, namjua vizuri. Tumekosana tu.

Tulikosana juu ya mdogo wangu.

Alikuwa akiishi mtaa wa mabanda wa Gatwekera na mume wake, chumba kimoja cha udongo na mabati kama vingine vyote. Ila mwenye nyumba, baada ya kuona makanisa yanalipa kodi bila kusumbua, alibomoa kuta za vyumba vilivyofuata, akavifanya ukumbi, akampa pasta mmoja. Ukuta wa mwisho aliuacha, na huo haukuwa wa udongo, ulikuwa bati tupu. Huku kuna kitanda cha mdogo wangu, kule kuna madhabahu, spika na kinanda. Siku ya kwanza nilipomtembelea nilishika kichwa. Nikamuuliza, "Wewe hapa unalala saa ngapi?" Akacheka. "Si afadhali kelele ya maombi kuliko ya walevi?"

Alikuwa hivyo, mtu wa kuona afadhali. Mimi nilitoka tumboni nimenuna, yeye alitoka akitafuta mtu wa kumchekea. Haukupita muda akaokoka katika kanisa hilohilo, akawa mwimbaji, na kila nikimpigia simu ananianzia na "Bwana asifiwe" mpaka nimjibu. Nilikuwa namjibu shingo upande, lakini nilimjibu.

Ngoja nieleze wanavyoomba, kwa maana asiyewahi kukaa karibu na makanisa yale hawezi kuelewa kilichotokea. Pasta akisema "Tuombe," hakuna mmoja anayeomba wengine wakisikiliza. Wanaomba wote kwa pamoja, kila mtu kwa maneno yake na kwa sauti yake yote, na spika juu. Wengine wanalia, wengine wanaanguka. "Nisaidie! Usiniache! Nakufa, Baba, nakufa!" Ukipita nje utadhani kuna mtu anachinjwa, kumbe ni mama anaombea kijana wake apate kazi. Majirani wamezoea. Hata mbwa wa pale wamezoea.

Mdogo wangu alipopata mimba na ikakua, miguu ilimvimba. Njia ya kuzunguka mpaka mlango wa kanisa inapita juu ya mtaro wa maji machafu, na mawe yale yanateleza. Pasta akamwambia, kwa nia nzuri kabisa, "Dada, usijisumbue. Omba ukiwa kitandani, sisi tutakusikia." Na ikawa ndio desturi yao. Kila Jumatano mchana, siku ya kufunga na kuomba, wakianza huko yeye anaanza huku. Akipaza sauti wanamsikia, na mmoja wao anapiga bati kwa kiganja, pa pa pa, maana yake tuko na wewe. Naye anapiga, pa pa pa. Nilikuwa hapo Jumatano moja nikaona kwa macho yangu. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Nikamwambia, "Aki nyinyi watu! Mnapigiana simu za bati?" Akanitupia mto. Huyo ndiye Mungu aliyekuwa naye, Mungu wa kupigiwa bati, na nasema ukweli, nilimwonea wivu.

Jumatano ile mumewe alikuwa mjengo, kwenye kazi ya ujenzi. Majirani wa upande mwingine walikuwa vibaruani. Simu yake ilikuwa dukani inachajiwa, kwa sababu stima ilikuwa imepotea kwao tangu jana yake. Kanisa lilikuwa na jenereta. Mlango alikuwa ameufunga kwa komeo kwa ndani, kama kila mwanamke anayebaki peke yake Gatwekera.

Daktari alitueleza baadaye kwamba kondo la nyuma lilibanduka kabla ya wakati. Alisema ni maumivu makali kuliko uchungu wa kawaida, na damu inatoka kama bomba lililopasuka. Alisema pia, na hili sikumwomba aniambie, kwamba mtu akiwahishwa anaweza kupona.

Shemeji alirudi jioni, akagonga, akavunja mlango. Alimkuta sakafuni kati ya kitanda na ukuta wa kanisa. Chumba chenyewe ni kidogo, mlango haukuwa mbali. Lakini mlangoni hakukuwa na mtu, na ukutani kulikuwa na watu. Mikono yake ilikuwa imechubuka vifundo vyote. Mtoto hakuwahi kuzaliwa.

Mama alifika kutoka nyumbani, magharibi mwa nchi, asubuhi ya pili, na basi la usiku, na leso moja begani. Hakulia. Alikaa chini kwenye mkeka kwa shemeji, akaegemea kitanda, akawa anatazama mlango. Hakula wala hakujibu pole za watu. Nilimwogopa. Nilijua tumeshampoteza mmoja, nikaona wa pili naye anaondoka akiwa amekaa hapo hapo.

Kisha likaja kanisa. Walikuja wote, wamevaa vizuri, wakaimba nje kwa sababu ndani hawakutosha. Pasta akaingia, akachuchumaa mbele ya mama. Ni mtu mpole, sitamsingizia. Alikuwa amelia hata yeye. Akasema, "Mama, nataka ujue kitu kimoja. Binti yako alikwenda akiomba. Tulimsikia kwa masikio yetu. Jumatano ile aliomba kuliko siku zote. Aliita, 'Yesu nisaidie, Yesu usiniache, nakufa.' Alipiga bati, nasi tukampigia. Akapiga tena, tukampigia tena. Kanisa zima lilishika moto. Tuliomba pamoja naye mpaka akatulia."

Mimi nilikuwa nimeshika birika, nawamiminia wageni chai. Sijui kama nimewahi kuelewa jambo lolote haraka namna ile. Chai ilimwagika kwenye miguu ya mtu, akaruka, akasema si neno.

Nilitaka kumrukia pasta. Nilitaka kupiga nduru Gatwekera nzima isikie: alikuwa anawaita! Alikuwa anawaita nyinyi, mbwa nyinyi, sio Yesu! Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo mama akainua kichwa.

"Aliomba?" akauliza.

"Aliomba, mama. Sana."

Mama akafumba macho. Mabega yakashuka. Akapokea kikombe, akanywa chai yote, akajilaza pale pale kwenye mkeka, akalala usingizi. Na mimi nikafunga mdomo wangu.

Tulimzika nyumbani. Kila aliyekuja mama alimwambia, "Mtoto wangu alikwenda akiomba," na kila aliyeambiwa alisema Mungu ni mwema. Nami nilikuwa nikienda nyuma ya jikoni kuuma kitambaa.

Nikarudi Kawangware kwa chapati zangu na ile hasira. Watu wakiniuliza juu ya Mungu, wanataka niseme alikuwa wapi. Swali hilo ni la watoto. Mama mmoja Mwislamu wa Makina ninayenunua viungo kwake aliniambia kwao husema Mungu anasikia hata nyayo za sisimizi mweusi akitembea juu ya jiwe jeusi usiku. Alinipa maneno hayo yanifariji. Wueh! Kama anasikia sisimizi, basi alimsikia mdogo wangu, alijua hasa anaita nani na anataka nini, na hakuwa na haja ya kushusha malaika. Angezima ile jenereta tu. Angeikosesha petroli kwa muda mfupi. Mimi ningefanya hivyo, na mimi si mwema. Hapo ndipo tulipo, mimi na yeye, mpaka leo sijapata jibu, na siombi. Nikianza kuomba nasikia bati.

Kwetu, watu waliokusaidia kumzika mtu wako huwaachi hivi hivi. Matanga yakipoa unarudi, unasimama mbele yao, unawashukuru. Kwa hivyo mavuno yalipokwisha mama akanipigia simu kwamba anakuja Nairobi kushukuru kanisa. Nilimwambia asijisumbue, nitawafikishia mimi. Akasema shukrani haitumwi. Akaja na kuku wa kienyeji ndani ya kikapu na unga wa mtama, akalala kwangu, na asubuhi ya Jumatano nilikuwa bado nabishana naye.

"Mama, hao watu hawana cha kushukuriwa."

"Kwa nini?"

Nilimwangalia. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa anakula, analima, anaishi, na kilichomshikilia ni neno moja la pasta. Ningelitoa hilo nimpe nini badala yake, yale ya daktari? Nikamwambia njia ni mbaya, kuna matope. Akasema, "Matope nimezaliwa nayo."

Tulikwenda kwa miguu, kwa sababu mama hapandi bodaboda. Kuku alikuwa analalamika kwenye kikapu njia nzima. Tulipovuka barabara ya Ngong nilimshika mkono, na nikaona heri nimwambie sasa kabla hajasimama mbele ya wale watu na kuwapa asante kwa kumpigia makofi mtoto wake akifa. Nikasema, "Mama." Akasema, "Nini?" Nikasema, "Angalia gari."

Tukakuta wameshaanza. Walimpokea kama malkia, wakamtolea kiti cha plastiki mbele kabisa, mkabala na ule ukuta. Kuku akachukuliwa kwa shangwe. Kisha pasta akasema tuombe, na kanisa likalipuka. Nilikuwa sijaingia humo tangu siku zile. Mwanamke mmoja nyuma yangu alikuwa anapiga kelele, "Nakufa! Nakufa! Nitazame!" mate yananirukia shingoni. Nikageuka kumtazama, kweli niligeuka, na sikuweza kujua kama ana shida au hana. Mama hakufumba macho. Alikuwa anawaangalia midomo, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta mtu sokoni.

Walipotulia pasta akamwita. Mama akasimama, akajifunga leso vizuri, akakataa maikrofoni. Akaambiwa watu wa nyuma hawatasikia, ndipo akaishika.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi ni mama wa yule msichana wa ukuta ule."

"Amina, mama!"

"Nimekuja kuwashukuru. Mlituletea chakula. Mlisafiri na sisi mpaka kaburini."

"Amina!"

Nilidhani amemaliza. Nilikuwa nimeanza kuinuka nimshike mkono. Akasogeza maikrofoni karibu na mdomo.

"Mtoto wangu aliwaita."

"Amina!"

"Alipiga bati hili kwa ngumi. Nilimwosha mimi. Niliona mikono yake."

"Amina! Sema, mama!"

Nikaketi tena. Nilielewa kwamba tangu alipomwosha kule mochari alikuwa anajua, na kwamba miezi ile yote ambayo mimi nilikuwa namficha, yeye alikuwa ananificha mimi.

"Mtu haombi kwa ngumi," mama akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Alikuwa anataka mfungue mlango."

"Haleluya!"

"Mlimsikia."

"Tulimsikia! Amina!"

"Na hamkuenda."

"Aminaaa!"

Walikuwa wamesimama. Wengine walikuwa wameinua mikono, machozi yanawatoka, na kijana wa kinanda alikuwa ameanza kumfuata kwa sauti ya chini, kama wanavyomfuata mtu anayetoa ushuhuda mzuri. Pasta alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa, "Ndiyo, ndiyo, ndiyo." Sidhani kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akimdhihaki. Walikuwa wanampenda.

Mama akangoja. Aliwatazama kutoka upande huu mpaka upande ule, akiwapa nafasi. Pasta akafungua macho, akaichukua maikrofoni kutoka mkononi mwa mama kwa upole, akasema, "Mpigieni Yesu makofi!" Wakapiga, na wale waliokuwa karibu na ukuta wakapiga bati.

Mama akarudi akaketi karibu nami. Akaweka mikono juu ya magoti. Wimbo ulikuwa umeanza, ikabidi ainame mpaka kwenye sikio langu.

"Sasa nimejua ilivyokuwa," akasema.