Niliwapeleka Jikoni Watoa Mada

Naungama mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Miaka ile ya mwanzo wa vyama vingi, chuo kikuu kilileta Sumbawanga mihadhara kuhusu ukombozi wa wanawake weusi na haki za jamii. Mimi nikawa katibu wa maandalizi, nikajitangaza mji mzima kuwa mtetezi wa akina mama.

Asubuhi wakashuka kwenye lori wanawake wanane kutoka Mpui, wamebeba kuku na unga wa ulezi. Nikawaamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha nikawaonyesha jiko.

Mkubwa wao, Mama Salome, akaanza, “Lakini baba, sisi tumekuja…”

“Najua, mama. Wageni wana njaa!”

Ukumbi ulijaa wanaume tupu. Nikasoma hotuba yangu ndefu ya usawa, wakanipigia makofi. Kisha mhadhiri, Dokta Tunu, akapanda jukwaani, akatazama viti. “Katibu, wako wapi akina mama wa Mpui? Leo wao ndio watoa mada.”

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama Salome akaingia, mwiko mkononi.

“Tupo, mwanangu. Katibu ametutaka kwanza tumsongee ugali.”