Sosi Niliyowapelekea Wakwe

Chupa ilipasuka Jumatatu saa nne asubuhi, nikiwa namenya viazi. Nilisikia kishindo, nikahisi kitu cha baridi shingoni, kisha nikatazama ukuta wa jikoni na kufikiri nimekufa. Ukuta wote ulikuwa mwekundu. Kalenda nyekundu, sufuria nyekundu, na paka wa jirani alikuwa akitoroka kupitia dirisha na mgongo mwekundu. Nilijipapasa kichwa nikitafuta jeraha, halafu nikalamba kidole. Ilikuwa sosi yangu ya nyanya, na ilikuwa imechacha.

Nikacheka. Mimi hucheka upesi kama ninavyokasirika. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba chupa kumi na mbili za sosi hiyo hiyo, niliyoipika siku ile ile kwenye sufuria ile ile, zilikuwa Burnt Forest, nyumbani kwa watu waliotaka kijana wao amwoe binti yangu. Hapo kicheko kikanikauka.

Ninauza chipsi karibu na steji ya matatu hapa Eldoret, ninakaa mtaa wa West Indies, na sosi yangu ninaipika mwenyewe miaka mingi sasa. Sina subira na yale maji mekundu wanayowapa watu kwenye vibanda vingine, unga na sukari na rangi, nyanya imepita tu hapo ikisalimia. Binti yangu alisomea mambo ya vyakula chuoni, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba kechapu haikuanza na nyanya. Ilianza huko Asia na samaki waliotiwa chumvi wakaachwa kwenye mitungi mpaka wakatoa mchuzi. Waingereza wakaionja kwenye safari zao za biashara, wakaipenda, wakarudi kwao wakaanza kuiga bila kujua ilivyopikwa. Wakajaribu uyoga, wakajaribu chaza, wakajaribu kila kitu. Nyanya ilikuja nyuma kabisa, kule Amerika, nayo ikawasumbua kwa sababu nyanya haikawii kuoza. Ndipo wakazidisha siki na sukari mpaka ikakubali kukaa ndani ya chupa na kutembea dunia nzima.

Nilizipenda sana habari hizo. Wateja wakingoja chipsi niliwasimulia hata kama hawakuuliza. Wahindi na achari yao, Wakorea na kabichi yao ya pilipili, sisi watu wa Magharibi mwa Kenya na munyu wetu wa majivu ya maganda ya maharagwe, Wakalenjin na mkaa wao ndani ya mursik, maziwa yao ya kugandisha. Nikawaambia hakuna mtu duniani anayependa tonge tupu. Wao walitaka chipsi tu.

Sasa mtu anayejua hayo yote, kwamba siki ndiyo inayozuia kechapu isioze, anafanyaje ujinga niliofanya? Ni hivi. Nilisikia kwamba baba ya kijana ana vidonda vya tumbo na siki humchoma. Nikasema, yaani mimi niwapelekee wakwe kitu cha kuwachoma? Nikapunguza siki. Nikaonja, nikaipunguza tena. Ikawa tamu, laini, nikajisifu peke yangu pale jikoni.

Ukweli ni kwamba nilijipendekeza kwa sababu niliogopa. Kijana mwenyewe hana shida, ana adabu na ana kazi. Lakini binti yangu aliponiambia kwao ni Burnt Forest, nilikaa siku mbili bila kumsemesha. Nina kumbukumbu zangu za ile barabara wakati wa ghasia za uchaguzi, makabila yalipogeukiana, na kila mtu wa rika langu upande huu anazo zake, kwa hivyo sitazirudia. Nilitaka kujua jambo moja tu: mtoto wangu akienda kule, watamtunza?

Tulienda kuona boma la kijana Jumamosi moja, mimi na kina mama wa kanisani kwetu, na vikapu vyetu vya sukari, unga, mikate na mafuta, na juu kabisa chupa zangu kumi na mbili nimezifunga utepe. Mama wa kijana ni mtu mrefu, mtulivu, wa maneno machache mpaka unaanza kujiuliza umemkosea wapi. Alipokea vikapu akaviingiza ndani. Desturi ni kwamba mwenyeji hafungui zawadi mbele ya mgeni. Mgeni akiondoka ndipo vitu hugawanywa, shangazi huyu apate sukari, jirani yule apate unga. Nasi tulirudishiwa vikapu vikiwa vimejaa viazi na kabichi, maana kikapu cha mgeni hakirudi kitupu.

Kwa hivyo Jumatatu hiyo, siku tisa baadaye, nikiwa nimesimama jikoni na sosi shingoni, hesabu yangu ilikuwa fupi. Chupa kumi na mbili, nyumba kumi na mbili, na kila nyumba ina watoto.

Nilimpigia binti yangu, anafanya kazi Nakuru. Akaniuliza siki niliweka kiasi gani. Nilipomwambia, akavuta pumzi ndefu. Akasema labda ni gesi tu, labda ni kitu kibaya zaidi, chakula kikishaharibika ndani ya chupa iliyofungwa huwezi kujua kwa kutazama, na kwamba mtu yeyote asikionje. Akataka niwapigie simu hapo hapo. Nikamwambia ni aibu, hata hatujakaa kuzungumza mahari na tayari nimewatilia sumu. Akanijibu kwamba mficha uchi hazai. Nikamkumbusha anaongea na mama yake.

Lakini nilipiga. Mama wa kijana alipokea, na nyuma yake nikasikia honi za magari na makanga wakiita abiria. Alikuwa town. Akasema ana haraka kidogo, atanipigia baadaye, akakata. Nilikaa juu ya debe la mafuta. Mama wa shamba, mwenye ng'ombe wa kukama, anatafuta nini mjini Jumatatu asubuhi, na haraka ya kumkatia mkwe wake simu? Jibu nililipata moja tu, hospitali. Nilijaribu tena, mteja hapatikani. Siku ile sikufungua kibanda. Nilisugua ukuta nikiomba Mungu kwa sauti, na majirani wakanisikia, na sikujali.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Burnt Forest. Nilipofika kwenye geti lao nilitazama kwanza kama kuna watu wamekusanyika. Hakukuwa na mtu. Mzee alikuwa zizini na ng'ombe wake, akanipungia mkono, mzima kabisa. Nilipumua kidogo. Mama wa kijana alitoka kunipokea, tukashikana mikono, lakini macho yake hayakutaka kukutana na yangu. Nikajua anajua.

Akanikaribisha sebuleni, akaenda kuleta chai. Na pale, ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya kioo, niliziona chupa zangu zikiwa zimepangwa mstari, na utepe wake. Nilihesabu mara mbili. Zote kumi na mbili zilikuwepo, zimejaa, vifuniko havikuwa vimevimba hata kidogo. Sikuelewa, ila nilifurahi. Alipoweka tu thamosi mezani, nikasema yote kabla sijapoteza ujasiri.

"Mama, ile sosi nilileta imeharibika. Yangu ilipasuka jana. Naomba mtu yeyote asikule, na naomba unisamehe."

Alisimama, akafungua kabati, akatoa chupa moja, akaifungua na kunimiminia kidogo kwenye kisosi. Haikutoa povu. Nikaichovya kwa kidole, nikaonja. Ilikuwa laini kupita kiasi, na tamu kama peremende. Nimepika sosi miaka yote hiyo, siwezi kudanganywa.

"Hii si yangu," nikasema. "Hii ni ya supamaketi."

Mama yule mrefu alikaa chini akajifunika uso kwa leso. Nilidhani analia, kumbe ni aibu. Akaanza kueleza, na alieleza maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema. Jumamosi iliyopita, wiki moja baada ya ziara yetu, chupa moja ilipasuka ndani ya kabati la jikoni, karibu na jiko, ikaloanisha koti la mzee la kwendea kanisani. Kufungua nyingine, ikafoka kama soda. Akadhani ameua zawadi ya wakwe kwa kuiweka kwenye joto. Akazimwaga zote chooni, akaziosha chupa, na moja iliyopasuka akaitafutia mwenzake wa kufanana. Jumatatu akaenda Eldoret kununua kechapu ya kuzijaza, ili siku tutakayorudi tuzione zimekaa vizuri. Ndipo nikampigia, yeye akitoka tu supamaketi karibu na steji, ameshaikumbatia mikononi. Aliposikia sauti yangu, alitaka kukimbia.

Nikamuuliza kuhusu shangazi na majirani, kama kuna aliyepewa. Akatazama sakafu. Sukari aliwagawia, akasema, na unga pia. Sosi aliwanyima. Aliitaka iwe yake. Haki ya Mungu, sijawahi kumshukuru mtu kwa uchoyo wake kama nilivyomshukuru huyo mama. Tulianza kucheka, yeye kwanza polepole, mimi kwa fujo zangu, mpaka mzee akaja mlangoni na ndoo ya maziwa akatutazama, akarudi zizini bila kuuliza kitu.

Tulipotulia nilimuuliza kwa nini alijisumbua hivyo, si angeniambia tu.

"Ningekuambiaje?" akasema. "Ungesema tumedharau kitu cha mikono yako. Ungemrudisha mtoto wako kabla hajafika."

Nilikaa na kikombe mkononi, chai ikipoa. Nimeishi katika nchi hii ya mahindi zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimeuzia watu wake chipsi, nimezika na kuozesha pamoja nao, na neno nililolisema hapo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu wa upande wao.

"Mama, mimi nilikuwa nawaogopa."

Alinitazama machoni kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Na sisi," akasema, "tulikuwa tunawaogopa nyinyi."

Akanyoosha mkono akaniwekea chai nyingine ya moto.

Nilipotoka uani nilimpigia binti yangu. Alipokea kabla simu haijalia mara mbili, akauliza nani ni mgonjwa. Nikamwambia hakuna mgonjwa. Akauliza mama ya kijana amesema nini, na sauti yake ilikuwa ndogo kama wakati alipokuwa darasa la kwanza.

"Chagueni tarehe," nikamwambia. "Mimi sina neno tena."