Yule Hahesabiwi

Binti yangu alizaliwa njiti. Nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, hadi jasho letu likawa moja, na jirani mmoja hapa Kirumba akachungulia ndani ya kanga akauliza, "Huyo mtoto au kidole?" Sijamsamehe mpaka leo.

Sasa yuko darasa la pili, na ukimweka kati ya wenzake utadhani ni mdogo wa mmoja wao aliyemfuata dada shuleni. Kusoma anasoma, tena vizuri. Kinachonitisha ni wenzake. Hawampigi, hawamtukani, afadhali wangemtukana, ningejua pa kuanzia. Wanambeba mgongoni, wanamfunga kamba za viatu, na wakicheza mama na baba yeye siku zote ndiye mtoto mchanga. Wanamlaza chini, wanamwambia alie. Naye analia kwa bidii zote, ili kesho wamwite tena.

Jumamosi moja jioni walikuwa wanacheza kombolela kwenye mawe yanayoshuka hadi ziwani, nyuma ya nyumba. Mimi nakaanga samaki. Ghafla kelele zikakatika. Nikatoka, nikawakuta wamekaa wanatafuna miwa. Wangu hayupo.

"Shikamoo, mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mwenzenu yuko wapi?"

Wakatazamana. Msichana mkubwa akajibu kwa adabu zote, "Kajificha. Ila yeye hatumtafutagi, mama. Ni mdogo, hahesabiwi."

"Kajificha tangu saa ngapi?"

"Tangu tulivyoanza, mchana."

Jamani! Jua lilikuwa linazama, na saa kama hizo viboko hutoka majini kula majani. Juzi tu walikanyaga bustani ya jirani. Niliteremka yale mawe peku, naita. Ziwa limetulia tuli. Magugu maji yamesogea hadi ukingoni, na kwenye tope kuna nyayo pana, mbichi. Hapo nikaanza kumwomba Mungu kwa Kisukuma, maana Kiswahili chote kilinikimbia.

Nilimkuta amechuchumaa nyuma ya jiwe la mwisho, maji yamemfika kiunoni, meno yanagongana kwa baridi. Nilipomnyakua, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Mama, usipige kelele, watatusikia! Hakuna hata mmoja aliyeniona. Nimewashinda wote!"

Nilitaka kumwambia ukweli. Badala yake nikamfunika kanga yangu.

"Kesho," akaninong'oneza, "nitajificha mbali zaidi."