Mahali Alipolala Masanja

Asifiwe Mungu, anayejua tunayoyaficha na bado anatupa asubuhi nyingine. Amenipa miaka mingi kuliko wenzangu, na ninamshukuru hata kwa siku ile aliyonivua uongo mbele ya watu.

Siku tulipoitwa vitani tulikuwa tunapalilia pamba Kharumwa, mimi na rafiki yangu Masanja. Yeye alimaliza matuta yake mapema kama kawaida, akaingia kwenye yangu bila kuombwa.

"Shija, wewe ungekuwa ng'ombe tungekwisha kukuchinja," alisema.

Mjumbe wa nyumba kumi alitukuta hapo, akatuambia mgambo wote waripoti. Mama yake Masanja alitufungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kifurushi kimoja cha watu wawili. Aliniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa kwa mwaka mmoja: "Mtarudi pamoja."

Miezi michache baadaye tulikuwa ndani ya Uganda, juu ya tuta la barabara lililokatiza bwawa la mafunjo. Kushoto maji, kulia maji. Tulitembea kwa safu, na mpiga picha wa serikali alikuwa nyuma yetu, kamera yake ya filamu begani.

Makombora yalianza mchana.

La kwanza lilipasua lori. La pili sikulisikia. Nilimwona tu aliyekuwa mbele yangu akipiga hatua moja zaidi bila kichwa.

Tukaamriwa kurudi nyuma.

Masanja alikuwa amekaa kando ya barabara. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeishia gotini. Aliniona.

Nilipita.

Tulipoikamata tena barabara ile baada ya siku mbili, hakuwapo. Maiti zilikuwa zimesukumwa majini ili magari yapite. Sikumtafuta.

Nyumbani nilimwambia mama yake kwamba risasi ilimpata kifuani, kwamba hakuteseka, kwamba nilimfumba macho, nikamzika chini ya mti na kumwombea. Alinishika mikono yote miwili akaibusu. Baadaye nikawa katekista. Kwa miaka mingi nilifundisha amri inayokataza kusema uongo, na yeye alikaa benchi la mbele.

Katikati ya miaka ya tisini walikuja watu wa filamu. Walitaka kuwarudisha wapiganaji wa zamani mahali tulipopigana, watuonyeshe picha zilizopigwa wakati ule, nao watupige picha tukizitazama. Mama Masanja alisikia. Alikuja kwangu akijikongoja na fimbo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia mnakwenda. Masanja tulimlilia bila kaburi, Shija. Utanionyesha mti ule, nichote udongo, niuzike kando ya baba yake kabla sijafa."

Hapo ningeweza kusema ukweli. Nilisema, "Sawa, mama."

Njiani, ndani ya lori, Bahati wa Isaka, aliyekuwa dereva wetu vitani, alianza utani.

"Katekista, mwaka ule uliruka lile tuta kama digidigi. Leo kupanda lori tu mpaka usukumwe matako!"

"Nyamaza wewe. Lori lako uliliacha na ufunguo ndani."

Watu walicheka. Mama Masanja naye alicheka, kisha akasema, "Huyu hakukimbia. Alibaki kumzika mwanangu."

Kicheko kikakatika. Bahati akageuka kutazama nje.

Tulipofika nilichagua mti kwenye nchi kavu, mahali bwawa linapoishia. Mama alipiga magoti, akachota udongo kwa viganja, akaufunga kwenye pembe ya kanga. Alikuwa akiusemesha kwa Kisukuma, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nami niliongoza sala, na sauti yangu haikutetemeka.

Baada ya chakula cha mchana watu wa filamu waliwasha jenereta na kuweka televisheni chini ya turubai. Mama aliketi mbele kabisa, mimi pembeni yake. Filamu haikuwa na sauti. Tuliona safu ya askari, lori likiwaka, watu wakikimbia kuja upande wetu.

Kisha Masanja, kando ya barabara, mkono ameuinua, mdomo unafunguka.

Mimi nikapita mbele yake. Jambo moja nilikuwa nimelisahau, nalo filamu ilikuwa imelitunza: niligeuza uso kutazama maji.

Picha ilibaki kwake muda mrefu. Mdomo uliendelea kufunguka.

Mtu wa filamu akazima.

"Iwashe," mama alisema. "Irudishe mwanzo."

Aliitazama mara tatu. Kisha akaniuliza, macho yake bado kwenye kioo:

"Anasema nini?"

"Mama..."

"Ulikuwapo. Mwanangu anasema nini?"

"Anasema, 'Shija, nishike mkono.'"

"Na hapa, ulipokwisha kupita?"

"Hivyo hivyo, mama. Nilimsikia mpaka mbali."

Alifungua fundo la kanga, akamwaga udongo wote miguuni pangu. Akaomba apelekwe barabarani. Tuta lilikuwa limepanuliwa na kutiwa lami, na mahali pale palikuwa chini yake. Alijaribu kuchokonoa kwa ncha ya fimbo. Fuso moja likapiga honi, Bahati akamvuta pembeni. Alirudi Kharumwa na kanga tupu.

Hakunisema kwa mtu. Hakuhama benchi lake. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, na hakuongeza neno.

Alipofariki, wadogo zake Masanja walirudi kutoka maduarani walikokuwa wakichimba dhahabu. Nilipofika msibani na kitabu changu cha sala, mkubwa wao alinizuia mlangoni.

"Katekista, utusamehe. Mama alisema usimguse, na usimwombee."

Nilisimama nyuma ya boma la minyaa wakati katekista wa kigango cha jirani akimzika. Alilazwa kando ya mumewe. Upande wake wa pili vijana walichimba kaburi jingine, fupi, wakalifukia bila kitu ndani.

Nimeungama, na naamini Mungu amenisikia. Msamaha wa mama sikuupata, na sidai kwamba alinidhulumu. Ilikuwa haki yake.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe moyo wa kusimama unapoitwa kwa jina lako, na wale uwapendao awajalie kaburi utakaloweza kulifikia kwa miguu yako.