Hodi kwenye Nyumba ya Magogo

Jirani akianza kuchoma nyama kwa kuni na ule moshi ukaingia dirishani, namwona tena akilini bibi yangu amesimama mlangoni na kanga zake, kagoma kuingia.

Shule ilitutoa mjini kwetu Lewisville, huku ughaibuni, kwenda kuona nyumba ya magogo ya walowezi wa kwanza wa kaunti yetu. Bibi, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, akafuatana nasi. Ndani moto unawaka. Akaita, "Hodi!" Akaita tena, "Hodi wenyewe!" Darasa zima limepanga foleni nyuma yake juani, mimi natamani ardhi ipasuke.

"Bibi, wenye nyumba walishakufa zamani."

"Na huo moto kawasha nani?"

Nikamnong'oneza mama wa Kizungu aliyekuwa akitutembeza aitikie "Karibu." Akaitikia, tukaingia. Akatusimulia jinsi walowezi walivyofika, wakawakuta wenyeji, wakajenga, wakabaki. Nikamtafsiria bibi.

Bibi akaguna. "Muulize, wao walipofika walipiga hodi kwa nani?"

Yule mama ananitazama, anasubiri.

"Anasema nyumba ni nzuri sana," nikamwambia kwa Kiingereza.

Akafurahi mno, akamkumbatia bibi kwa nguvu. Bibi akanitazama juu ya bega la yule mama.

"Ndiyo jibu hilo?"