Siku Niliyofunua Matofali ya Mama Monga

Nilipowaambia watu wa Ruashi, mtaa wetu wa Lubumbashi, kwamba nakwenda kusomea bahari, mjomba wangu Kabange, aliyefanya kazi ya reli mpaka pensheni, alicheka hadi akavua kofia. "Bahari gani, mutoto ya kwetu? Ile maji ya kijani iko mu shimo ya mine ya shaba?" Wengine walisema nitarudi hata kabla nauli ya basi haijaisha mfukoni, kwamba mtu aliyekulia mahali ambapo maji hubebwa kwa madumu ya njano hawezi kusoma maji yasiyo na ukingo. Nawaambia haya mapema ili mjue nilikuwa nimepanda juu kiasi gani, kwa sababu aibu ninayotaka kuisimulia, ambayo mpaka leo ikitajwa najifanya natafuta simu, ilinikuta hukohuko juu.

Basi nilikwenda, nikafika mwambao wa Tanzania, nikauza mayai ya kuchemsha bandarini asubuhi na kuingia darasani mchana, miaka minne, bila mtu kunitumia hata faranga, nikarudi Lubumbashi na diploma ya bahari na hali ya hewa yenye muhuri mwekundu. Mama aliitundika ukutani juu ya picha ya Bikira Maria (nilimwomba aishushe kidogo, alikataa). Na lazima niseme ukweli, si diploma iliyonibadilisha, ni siku ya kwanza nilipoyaona yale maji yakipumua, mwalimu akatuambia kwamba upepo unayasukuma na yenyewe yanaulisha upepo joto na unyevu, vitu viwili visivyoachana tangu dunia iumbwe, na kwamba mvua ya kwetu, ile iliyokuwa ikipiga mabati yetu, sehemu yake ilianzia huko. Nilikaa chini kwenye mchanga na ndoo yangu ya mayai, nikashindwa kuuza hata moja.

Sherehe ya kunikaribisha ilifanyika Jumapili baada ya misa, mwishoni mwa mwezi wa tisa, kwenye kiwanja cha mama. Upande wa chini wa kiwanja kulikuwa na matofali ya Mama Monga, mjane jirani yetu, ameyapanga mistari na mistari, yote mabichi. Aliyafyatua yeye na binti zake kiangazi kizima, na Jumatatu yangepangwa kuwa tanuru yachomwe, ajengee chumba chake mwenyewe, kwa sababu mwenye nyumba aliyokuwa akipanga alikuwa amempa mwezi mmoja tu ahame. Kila mtu Ruashi anajua kwamba tofali ambalo halijachomwa ni udongo unaosubiri maji, kwa hiyo yalifunikwa na maturubai mawili makubwa.

Sasa wageni wakawa wengi, jua kali, kivuli hakuna, na mimi, msomi, mwenye suti, nikaamua kitu kidogo tu: tuyatoe yale maturubai tuyafunge juu ya meza.

Mama Monga alinifuata taratibu, mikono ndani ya kitenge chake. "Ingénieur, na mvula ikikuja?"

Nikacheka kicheko cha mtu aliyesoma. Nikatoa simu nikamwonyesha ramani ya joto la bahari, rangi nyekundu huku, buluu kule, nikamweleza kwamba mwaka huu bahari zenyewe zinaonyesha mvua zitachelewa. "Mama, mvua inatoka baharini, na bahari haiko tayari. Wiki tatu, hata tone." Watu walipiga makofi, naye akarudi kwa binti zake. Nikayafunga maturubai mwenyewe kwa mafundo niliyojifunza kwa wabeba mizigo wa bandarini, mafundo ambayo meli ikivuta yanazidi kukaza (nililisema hilo kwa sauti, ili lisimpite mtu).

Mama yangu, aliyekuwa akisonga bukari, ugali wetu, kwenye mbabula ya makaa, akasema tu kama anayeongea na chungu, "Siku zote moshi yangu ilikuwa nafuata macho ya Kabange. Leo iko namukimbia." Nikamwambia kwa upole kwamba moshi wa jiko si kipimo cha hali ya hewa.

Halafu nikasimama nikahutubia. Nilianza na samaki wa barafu, wa katoni, aliyekuwa kwenye mchuzi, nikawaambia huyu ametoka bahari ya Namibia, ambako upepo unayasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini yanapanda kushika nafasi, yakibeba rutuba inayolisha viumbe wadogo wasioonekana, nao wanalisha samaki, kwa hiyo ninyi hapa Ruashi mnakula kazi ya upepo. Hata mjomba Kabange alibaki ameshika kichwa cha samaki anakiangalia usoni. Nikaona nimewapata, nikaendelea. Nikasema miezi yote ya kiangazi tunapata hewa kavu ya mashariki, lakini upepo ukigeuka, ile hewa ya Atlantiki iliyovuka msitu wote wa Kongo, miti ikiinywa na kuipumua tena, inashuka mpaka kwetu, na hizo mbili zikikutana, nikainua mikono yote miwili juu kuwaonyesha zinavyokutana.

Watu wote walikuwa wamefungua midomo. Hakuna aliyetafuna. Nikadhani ni elimu yangu.

Ngurumo ilipopiga nyuma ya kichwa changu ndipo nilipogundua kwamba hawakuwa wakiniangalia mimi. Niligeuka. Jamani, nimeona mawingu mengi kwenye vitabu, lakini lile lilikuwa limesimama kutoka paa za nyumba hadi mahali ambapo shingo inakataa kwenda, chini jeusi kama makaa, juu jeupe linachemka, linakua huku unaliangalia, na kutoka kwake ulikuja upepo baridi wenye harufu ya udongo uliolowa wa mtaa mwingine. Watu walikimbilia maturubai. Mimi nilisimama. Nilijua kila jina la kila kitu kilichokuwa kikitokea mle ndani.

"Fungua!" mama akaniita, ndipo nikakumbuka mafundo. Hayakufunguka. Kadiri upepo ulivyovuta ndivyo yalivyokaza, kama nilivyojigamba, na mvua ikashuka kwa ndoo, maturubai yakajaa maji juu ya meza yakaning'inia kama matumbo, hadi moja likapasuka na kumwaga shehena yake yote juu ya bukari, samaki na mjomba Kabange. Alijifuta uso polepole.

"Ingénieur," akasema, "bahari yako imefika."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu Mama Monga alikuwa ameinama kule chini, na tofali aliloliinua likampita katikati ya vidole. Mistari yote ilikuwa imelainika pembe, inaporomoka kimya kimya. Hakunitukana. "Mwezi moja, baba," akasema. "Nilikuwa na mwezi moja tu."

Kesho yake asubuhi nilivua suti nikapita nyumba hadi nyumba kukopa matofali yaliyochomwa. Kila mlango ulinilazimisha kusimulia upya, na mahali pa moshi wa mama, uliokuwa umeonyesha kwamba upepo umegeuka, walinirudisha mara mbili, halafu wanatoa, hapa hamsini, pale mia, mjomba Kabange akatoa mia mbili aliyoyaweka kwa jiko lake. Mama Monga aliingia chumbani mwake kabla mwezi haujaisha. Na mvua zenyewe, baada ya ile moja, zilichelewa kweli. Bahari inaweza kuuchelewesha msimu mzima, lakini haikatazi wingu moja la Jumapili. Hilo lilikuwa kwenye daftari langu, nimelipigia mstari kwa mkono wangu.

Kiangazi kilichofuata nilifyatua matofali mwenyewe, diploma ukutani na mimi tope magotini, nikayachoma, nikayarudisha kwa mkokoteni mlango baada ya mlango. Wa mwisho alikuwa mjomba, ambaye kiwanja chake kinapakana na cha mama. Aligonga moja moja kwa mwenzake asikilize yanavyolia, akaridhika, kisha akauliza kwa sauti ya mtu mwenye adabu nyingi, "Na leo, ingénieur, mvula?"

Niligeuka kwanza nikatafuta moshi wa mama. Ulikuwa unamwingia mjomba machoni.

"Hapana, mjomba."

Akafikicha macho, akaenda ndani, akarudi na turubai. Tukayafunika pamoja, ingawa yalikuwa yameshachomwa, yeye ncha moja na mimi nyingine, na nikalifunga kwa fundo linalofunguka ukilivuta mara moja.