Pongo Aliyenukia Udi

Mume wangu alikuwa fundi cherehani sokoni Muyinga. Siku pongo alipoletwa nyumbani kwetu, nilikuwa na miezi mitano tu tangu nitoke Gitega kuja kuolewa. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo baada ya uhuru, kila mwanamume anayejiweza anataka koti. Mkulima mmoja wa Butihinda alishonewa lake, likamkaa sawasawa, akaona ahsante ya mdomo haitoshi. Mbwa wake walikuwa wamemuua pongo jike vichakani, na mtoto akabaki peke yake amejikunyata kwenye majani. Akambeba begani mpaka mlangoni kwetu.

"Nyie Waislamu hamukulaka yenye imekufa," akamwambia mume wangu. "Njo maana nimeileta muzima. Mukachinje wenyewe."

Alikuwa na adabu zake mtu yule, na alitujua vizuri. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, na kibudu hakiingii chunguni mwetu hata kwa njaa ya namna gani. Lakini mimi nilimtazama yule mtoto, mdogo kama paka aliyeshiba, mwekundu wa udongo, madoa meupe mgongoni, anatetemeka masikio. Nikamnyang'anya mgeni mzigo wake kabla mume wangu hajafungua mdomo.

"Huyu hachinjwi," nikasema.

Mume wangu alimpima kwa macho, kama anavyopima kitambaa. "Muchunge basi. Lakini unisikie: akikatala kunywa, akianza kukata roho, mi namuchinja mbele hajafa. Kibudu sitaki humu ndani. Na kisu nimeshakinoa."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Sikuwa na wasiwasi mkubwa, kwa sababu nilikuwa na mbuzi. Baba yangu alimnunua soko la Mutaho akanipa siku ya kuondoka, nikasafiri naye juu ya lori, yeye akilia kunishinda mimi. Wiki ile mbuzi alikuwa amezaa mtoto mfu, kiwele kimejaa, anahangaika zizini. Nikasema Mungu kashapanga, yatima kapata mama.

Sasa, mimi ni mtu wa usafi, na sioni haya kujisifu. Kwetu Gitega mama alitulea hivyo: kitoto kichanga huogeshwa, hukaushwa kwa kanga laini, kisha hupitishwa juu ya chetezo kikafukizwa udi, ndipo kipakatwe na watu. Nami nikamfanyia pongo vivyo hivyo. Nikamwogesha kwa sabuni, nikamfukiza, nikampeleka kwa mbuzi akinukia kama bibi harusi. Mbuzi akamnusa mara moja, akampiga kichwa cha ubavu.

Nikafikiri ananuka pori. Nikamwogesha tena. Nikaongeza udi. Akapigwa tena, safari hii akabingirika hadi ukutani. Jumatano nilimwogesha mara tatu. Kadiri mbuzi alivyomkataa ndivyo nilivyozidi kumsugua, na kadiri nilivyomsugua ndivyo mbuzi alivyozidi kumkataa. Nilikamua maziwa nikamdondoshea mdomoni kwa kitambaa. Tone moja likaingia, matatu yakamwagika, akakohoa.

Alhamisi hakuweza tena kusimama. Jioni mume wangu alirudi kutoka sokoni, akaniuliza akiwa bado mlangoni, "Amekunywa?"

"Amekunywa," nikamdanganya.

Aliketi akala. Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Nilimwona anavyokula kwa utulivu, nikawa nakiwaza kile kisu.

Ijumaa asubuhi alikuja mama mkwe, kama kila Ijumaa, kunywa chai. Nilimwogopa, kwa maana ulimi wake ulikuwa hauna breki. Alisimama ukumbini, akavuta hewa, akamfuata pongo pale alipolala juu ya kanga yangu.

"We mukazana," akaniita, kwani mke wa mwanawe ndivyo alivyomwita, "mutoto wa pori unamutia udi?"

"Namsafisha, mama. Mbuzi hamtaki."

"Atamutaka vipi? Mbuzi iko na pua! Inasikia harufu ya musikiti, haisikii mutoto."

Akambeba pongo hadi zizini, akazoa majani yaliyolowa mkojo na mavi ya mbuzi, akaanza kumpaka mgongoni.

Nikapiga kelele. "Mama, najisi hiyo! Na nguo zangu za swala hizi!"

"Maji iko ndani ya mutungi, utaoga. Kamata miguu."

Nikakamata. Nilichuruzikwa na uchafu hadi kwenye viwiko, mimi niliyekuwa nafua kanga mara mbili kwa siku. Kisha akakamua maziwa kidogo, akampaka mkiani, akamsogeza.

Mbuzi akanusa mkia. Akatulia. Akanusa tena, halafu akatoa ulimi akalamba, na kooni mwake ikatoka sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Pongo akapiga magoti, akatafuta, akakosa, akatafuta tena. Mara kile kimkia kikaanza kupigapiga na maziwa yakamtoka povu pembeni mwa mdomo. Nililia kwa furaha pale pale kwenye mavi, na mama mkwe akanicheka hadi akashika ukuta.

Mume wangu aliporudi kutoka swala ya Ijumaa akauliza, "Amekunywa?"

"Nenda kajionee."

Akaenda. Nilimwona akisimama mlangoni mwa zizi, halafu akashusha pumzi ndefu, akaketi juu ya kinu changu na kanzu yake nyeupe.

Kesho yake nilikichukua kile kisu kukatia vitunguu. Hakikukata. Nilikikandamiza, kitunguu kikabonyea. Nikapitisha kidole kwenye makali, hakuna makali. Kwa kisu kama kile hakuna Mwislamu anayechinja hata kuku. Niliketi jikoni nikacheka peke yangu, kisha nikaona haya kwa jinsi nilivyomchukia.

Sikumwambia kitu, wala sikuchoma udi mpaka pongo alipoacha kunyonya. Mume wangu alitaniwa msikitini kwamba ananuka mbuzi. Na kila nilipomwomba anoe kisu alijibu, "Kesho." Miezi ikapita tunakula nyama ya kuchanwachanwa.

Vipembe vya pongo vilipofikia urefu wa kidole, asubuhi moja aliruka ua, akasimama kidogo upande wa pili, akashika njia ya vilimani. Tulimwangalia mpaka vichaka vikamfunika. Nilisikitika, lakini zaidi nilipumua. Mume wangu aliingia ndani, akatoka na jiwe la kunolea.

"Lete kile kisu," akasema.